Mizunguko 30 kwa Dakika: Mashine Yangu ya Kukatia Uzi wa Bomba

Mashine yangu ya kukatia uzi wa bomba, ile mifereji inayozunguka ncha ya bomba ili likazwe kwenye kiungio, huzunguka mara 30 hivi kwa dakika. Ni mwendo ambao mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuuhesabu kwa sauti bila kuchoka, na kwa niliyoyaona katika kazi hii, upole huo umewaumiza mafundi wengi kuliko kasi ya grenda. Grenda hupiga kelele na kutoa cheche, na kila anayeishika kwa mara ya kwanza huishika kwa hofu. Mashine ya uzi hunguruma tu kama mtu anayekoroma chumba cha pili, kwa hiyo utamwona fundi ameishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anapokea simu.

Ninaandika haya kwa sababu kijana ninayefanya naye kazi amenunua mashine yake mwenyewe mwezi uliopita. Aliniletea nyumbani ikiwa ndani ya mfuko wa salfeti, akaniamkia, kisha akasema, "Mzee, nimekuletea mtoto umbariki." Nilimjibu kwamba mtoto wa aina hii habarikiwi, anafunguliwa. Tulikaa naye barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri tukiitazama kipande kwa kipande, na niliyomweleza siku hiyo nimeona niyaandike kwa utaratibu, kwa kuwa yeye si wa mwisho kununua mashine iliyokwisha tumika bila kitabu chake cha maelekezo.

Kwa asiyeifahamu, hii ni mota ya umeme yenye kishikio kirefu, iliyoungwa na sanduku la gia ambalo mwisho wake una tundu kubwa la duara. Ndani ya tundu hilo hupachikwa kichwa cha dai, yaani kifaa kinachochonga uzi, kimoja kwa kila kipimo cha bomba, kuanzia nusu inchi mpaka inchi 2, na kila kichwa kina meno manne ya chuma kigumu. Bomba hutulia na dai ndiyo inayozunguka, tofauti na mashine kubwa za karakana ambazo hulikamata bomba lenyewe na kulizungusha. Mota ndani ya kasha lake hukimbia maelfu ya mizunguko kwa dakika. Gia huipunguza kasi hiyo hatua kwa hatua mpaka ikabaki ile 30 niliyoitaja, na kila kasi inapopungua ndipo nguvu ya kuzungusha inapoongezeka. Yote huingia katika kifaa cha zaidi ya kilo 10 ambacho mtu mmoja hukibeba begani na kupanda nacho ngazi mpaka ghorofa ya nne.

Wapo wanaoniuliza kwa nini bado ninakata uzi wakati nyumba nyingi sasa zinafungwa mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa joto. Kwa maji ya nyumbani sina ubishi nao. Lakini mabomba ya zimamoto kwenye majengo ya ghorofa, mabomba ya gesi katika majiko ya hoteli, mengi ya mabomba yanayopandisha maji kutoka visimani, na marekebisho ya majumba ya zamani ambayo kuta zake zimejaa chuma, hayo yote bado yanadai uzi.

Turudi kwenye nguvu, maana hapo ndipo penye shughuli. Chukua mashine ya wati 1,000, kisha toa theluthi moja nzima kwa ajili ya joto na msuguano wa gia. Kwa mizunguko 30 kwa dakika, nguvu ya kuzungusha inayobaki ni takriban nyutoni-mita 200. Ukiwa umeshika kishikio nusu mita kutoka katikati ya bomba, mkono wako unatakiwa kuzuia nyutoni 400 na zaidi, ambazo ni sawa na kuning'iniza kilo 40 kwenye kiganja, karibu mfuko wa saruji. Hapo kazi inakwenda vizuri na meno ni makali. Meno yakikwama kwenye sehemu ngumu ya bomba, mota ya aina hii huongeza nguvu kadiri inavyozuiwa, na kitakachozunguka kitakuwa kile chepesi kuliko kingine. Ikiwa bomba limefungwa barabara na dai imeuma, chepesi ni mashine yenyewe pamoja na mtu aliyeishika.

Bomba la nusu inchi halidai hata kidogo nguvu hiyo, ndiyo maana fundi anaweza kufanya kazi miaka miwili bila kukutana nayo. Siku anapoletewa bomba la inchi 2, huishika mashine kwa mazoea ya lile la nusu.

Mimi yalinikuta mwaka 2011, katika jengo la ghorofa nne tulikokuwa tukifunga bomba la zimamoto. Nafasi kati ya bomba na nguzo ilikuwa finyu, mkono wa kuhimili, kile kipande kinachoizuia mashine isigeuke, haukuingia vizuri, nikaamua kwamba uzi mmoja tu hauna haja ya mkono wa kuhimili. Dai iliuma, ikazunguka mara tatu au nne, kisha ikakwama. Kishikio kiliondoka na mkono wangu mpaka kwenye nguzo, na hapo nikajifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kiganja kilichobanwa kati ya kishikio na zege hakiwezi kuachia swichi, bali huendelea kuibonyeza. Msaidizi wangu alikuwa amesimama karibu na soketi ya umeme, akachomoa waya. Mfupa wa kifundo cha mkono ulipata ufa, nikakaa na plasta wiki sita. Tangu siku hiyo sikati uzi wa bomba lolote la zaidi ya inchi moja bila kuwa na mtu aliye karibu na plagi.

Mkono wa kuhimili ninaousema ni kipande kinachodharauliwa kuliko vyote vinavyokuja na mashine hii, na katika mashine nyingi zilizotumika utakuta umepotea. Ni kibano chenye meno kinachofungwa kwenye bomba lile lile linalokatwa, kikiwa na fimbo fupi ambayo mwili wa mashine huegemea. Uzuri wake uko katika neno hilo, "lile lile". Mashine inaposukuma dai upande mmoja, mwili wake hutaka kugeuka upande wa pili. Ukiuegemeza kwenye fimbo iliyokamata bomba hilo hilo, nguvu inayokwenda na nguvu inayorudi hukutana ndani ya bomba na kumalizana huko. Jiliwa, kile kibano kikubwa kinacholishika bomba, halisumbuki, kiungio kilicho mbele hakilegei wala hakikazwi kupita kiasi, na mkono wa fundi unabaki na kazi ya kubeba uzito na kubonyeza swichi. Wanaoegemeza mashine kwenye goti, kwenye ukuta au kwenye kamba iliyofungwa dirishani wanaipeleka nguvu hiyo kwa kitu kingine, na kitu hicho hakikuandaliwa kuipokea.

Kwa sababu hiyo, nikikagua mashine huanza na mkono huo kabla sijaitazama mota. Meno ya kibano hujaa mchanganyiko wa oili na maranda ya chuma mpaka yanakuwa laini kama kisigino, na hapo kibano huteleza kwenye bomba la mabati lililopakwa oili. Ninayasugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ninayakausha, kisha ninalifuta bomba lenyewe kwa tambara kavu mahali ambapo kibano kitakamata. Hii ni kazi ya dakika mbili ambayo sijawahi kumwona mtu akiifanya bila kuambiwa.

Mkono wa kuhimili huwekwa kwa ajili ya mwendo wa kwenda mbele. Uzi ukishakamilika na ukageuza swichi ili dai irudi nyuma, nguvu nayo hugeuka, na fimbo inabaki upande usiohusika. Kurudi hakuhitaji nguvu kubwa isipokuwa pale mwanzo, wakati meno yanapoyakata maranda yaliyojibana nyuma yake; hapo mashine hutupa teke moja. Ninasubiri isimame kabisa kabla ya kugeuza, ninashika kishikio kwa mkono ulionyooka, na ninasimama mahali ambapo kishikio kikija hakitanikuta usoni. Wale wanaogeuza swichi mashine ikiwa bado inazunguka wanavunja meno ya gia na kuunguza swichi, kisha wanasema mashine za siku hizi hazina ubora.

Swichi yenyewe lazima irudi mahali pake mara tu kidole kinapoiachia. Nimeona swichi zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli ili fundi asichoke kuibonyeza. Sina maneno ya heshima kuhusu jambo hilo, kwa hiyo naliacha.

Kuhusu mavazi nitasema kwa kifupi. Shati la mikono mirefu lisilofungwa vifungo, kanzu, kilemba kilicholegea, pete na glavu za kitambaa vyote vina tabia moja mbele ya kitu kinachozunguka kwa nguvu: vikishanaswa havichaniki upesi. Glavu ninazivaa baada ya kuchomoa waya, ninapookota maranda, ambayo hukata ngozi kama wembe.

Uzi mzuri huanza kabla ya mashine kuwashwa. Bomba likatwe kwa kikatio cha gurudumu au kwa msumeno unaokwenda sawasawa, kwa sababu mdomo uliokatwa upande huielekeza dai upande, na uzi ukatoka umepinda, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kikatio cha gurudumu huacha ukingo uliojikunja kwa ndani ambao hupunguza njia ya maji. Uondolewe kwa kipekecho. Ukingo wa nje upigwe tupa kidogo ili meno yapate pa kuanzia. Baada ya hapo ninapachika dai kwenye mashine, ninaiingiza kwenye bomba, ninamimina oili, ninawasha na wakati huo huo ninaisukuma dai kwa kiganja mpaka meno yaume. Yakishauma ninaondoa kiganja, maana dai hujivuta yenyewe, na anayeendelea kuisukuma anaharibu hesabu ya uzi. Ninasimama pale mdomo wa bomba unapolingana na ukingo wa nje wa meno. Kwa bomba la nusu inchi hiyo ni milimita 13 hivi za uzi, kwa la inchi moja ni karibu 17, na kwa la inchi 2 ni zaidi ya 23. Hata lile la inchi 2 ni mizunguko kumi tu, yaani sekunde 20. Kuzidisha hapo hakuna faida. Uzi wa bomba ni wa mteremko, unanenepa milimita moja kwa kila milimita 16 za urefu, na unaziba kwa kujikaza ndani ya kiungio. Ukiukata mrefu kupita kiasi, kiungio huingia mpaka ndani bila kukaza, na hapo ndipo unapoona fundi akizungushia tepu ya kuzibia raundi ishirini kama anayefunga jeraha.

Hapa Kiswahili kimetufanyia mzaha kidogo, kwa kuwa nyuzi ndizo tunazozikata kwenye bomba na nyuzi ndizo tunazopimia pembe. Nyuzi tunazotumia Afrika Mashariki zina pembe ya nyuzi 55, urithi wa kipimo alichokipendekeza Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Nyuzi za mabomba za Kimarekani zina pembe ya nyuzi 60. Tofauti hiyo ingebaki darasani kama si mashine zilizotumika zinazoshushwa bandarini zikiwa na dai zake za huko zilikotoka. Bomba la nusu na la robo tatu ndiyo yenye mtego, kwa sababu kwa Waingereza na kwa Wamarekani pia yana nyuzi 14 kwa kila inchi moja ya urefu. Uzi uliokatwa kwa dai ya Kimarekani utaingia kwenye kiungio cha hapa, utakazika, na fundi ataondoka ameridhika. Maji yakifunguliwa, kiungio hutoa jasho, kwa sababu vilele vya uzi mmoja havijai ndani ya mabonde ya mwingine. Kwa bomba la inchi moja kosa hujitangaza lenyewe: la Kiingereza lina nyuzi 11 kwa inchi na la Kimarekani lina 11 na nusu, kwa hiyo kiungio hugoma baada ya mizunguko michache.

Dai za kijana wangu zilikuwa za nyuzi 60. Alikuwa amekwisha kata nazo nyuzi za bomba la robo tatu katika nyumba ya mtu, na kwa siku mbili alikuwa akiilaumu tepu. Nilimwonyesha kwa geji ndogo ya kupimia nyuzi, ile inayofunguka kama visu vya mfukoni, naye akanyamaza kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

Suala la unene wa bomba nalo lisipite. Kina cha uzi wa bomba la nusu na la robo tatu ni milimita 1.16, na cha mabomba ya inchi moja kwenda juu ni milimita 1.48. Bomba la nusu inchi la daraja la kati lina ukuta wa milimita 2.6, kwa hiyo chini ya uzi hubaki milimita moja na nusu hivi. Bomba jepesi la milimita 2 hubakiwa na chini ya milimita moja, na katika baadhi ya maduka yapo mepesi zaidi ya hapo, yametengenezwa kwa ajili ya mageti na vitanda. Mashine haijui tofauti. Italikata hilo pia, na litavunjikia kwenye uzi siku ya kukazwa. Aidha, kukata uzi huondoa madini ya zinki yaliyolikinga bomba dhidi ya kutu, kwa hiyo nyuzi zinazobaki nje ya kiungio ninazipaka rangi siku hiyo hiyo.

Oili ndiyo roho ya meno. Ninatumia oili ya kukatia uzi, na ninaimimina mfululizo tangu meno yanapouma mpaka yanapomaliza. Wengi hutumia oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari, kwa kuwa haina gharama. Oili hiyo imejaa masizi na vumbi laini la chuma, imekwisha kupoteza utelezi wake, na haikuundwa kustahimili mgandamizo ulioko kwenye ncha ya jino linalochimba chuma. Matokeo yake unayaona kwenye uzi wenyewe: vilele vimechanika, vina mabaka kama mti uliopigwa shoka butu. Kwenye bomba la maji ya kunywa ni ubaya juu ya ubaya. Hata oili halali ninaiosha kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kufunga, kisha ninafungulia maji yapite mpaka harufu iishe.

Meno manne ya kila dai yameandikwa namba 1 mpaka 4, na nafasi zake kwenye kichwa zina namba hizo hizo, kwa sababu kila jino linaanza robo ya mzunguko baada ya lililotangulia. Ukichanganya namba mbili, uzi hautoki kabisa, yanatoka makovu. Jino moja likivunjika, hununuliwa seti nzima ya manne yaliyotengenezwa pamoja. Ninajua ni gharama, na ninajua duka litakalokuuzia jino moja, lakini jino jipya kati ya matatu yaliyochoka litabeba mzigo wa wote na litakuwa la kwanza kuvunjika. Kila baada ya kazi ninayatoa, ninapiga mswaki maranda yaliyojificha nyuma yake, na ninayarudisha yakiwa na oili nyembamba.

Sasa umeme. Mota ya aina hii ina kaboni, vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na haijali sana kama umeme unapigapiga mara 50 au 60 kwa sekunde, lakini inajali mno volti. Mashine kutoka Marekani ni ya volti 120, na ile ya kutoka kwenye ujenzi Uingereza mara nyingi ni ya volti 110 na ina plagi ya njano. Ukiichomeka kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya, itazunguka kwa furaha kwa muda mfupi sana. Inahitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati za mashine. Kibandiko kisomwe, na kama kimefutika, mashine isichomekwe mpaka anayejua ameipima.

Ekstensheni ndefu na nyembamba ni ugonjwa mwingine. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, ambao wengi huutumia kwa taa, wenye urefu wa mita 50, una ukinzani wa omu 1.8 ukihesabu kwenda na kurudi. Mashine ikikwama na kuvuta ampea 15, volti 27 zinapotelea njiani, na kama umeme wa mtaa wenyewe ulikuwa umeshuka mpaka 200, mota inabakiwa na 170 na kidogo. Itapungua nguvu, fundi atazidi kubonyeza, na joto litapanda. Ninatumia waya wa milimita 2.5 na ninaufungua wote kutoka kwenye kibiringo, kwa sababu ule uliozungushwa hujipasha joto wenyewe. Mashine yangu ni ya zamani na ina mwili wa chuma, hivyo waya wa ardhi ni lazima, na mbele yake ninaweka swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Kazi ya fundi bomba iko kwenye maji. Sioni namna ya kulijadili hilo.

Kaboni ninazikagua kila baada ya miezi sita, au mapema zaidi nikiona cheche zimebadilika. Cheche ndogo za buluu pale kaboni inapogusa komuteta, ile pete ya shaba kwenye mhimili wa mota, ni za kawaida. Cheche zinazozunguka kama pete ya moto ni taarifa kwamba kaboni imeisha, au springi yake imelegea, au komuteta imejaa masizi, au waya wa amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, umekatika. Kaboni huwa mbili na hubadilishwa zote kwa pamoja, hata kama moja inaonekana ndefu. Ukichelewa, ile springi hufika kwenye komuteta na kuichimba, na hapo unahama kutoka gharama ndogo ya kaboni kwenda kwa fundi wa kusuka mota. Za kijana wangu zilikuwa zimebaki kama punje ya mahindi. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba cheche ni dalili ya nguvu.

Matundu ya hewa ya kasha husafishwa kwa brashi kavu na pumzi ya pampu ya baiskeli, si kwa maji wala kwa kitambaa kilicholowa oili. Vumbi la saruji likichanganyika na oili ndani ya mota hugeuka kuwa udongo unaozuia hewa kupita, na mota ambayo haipumui huungua hata bila kukwama. Nikimaliza nyuzi kadhaa za inchi 2 mfululizo ninagusa kasha kwa nyuma ya kiganja, na kama siwezi kuuacha mkono hapo, ninaiacha ipumzike huku ninafunga zilizokwisha katwa.

Sanduku la gia ni la kufunguliwa kwa nadra, lakini si la kusahauliwa. Grisi nzito iliyokuwamo tangu kiwandani hukauka, hujitenga na kukaa pembeni, gia zikabaki zinazunguka katika nafasi zilizojichimbia zenyewe. Sauti ndiyo itakayokwambia, maana ule mkoromo hugeuka kuwa mkwaruzo. Ninafungua, ninafuta grisi yote ya zamani, ninatafuta ndani yake chembe zinazong'aa, kwa kuwa hizo ni meno ya gia yanayoondoka, kisha ninajaza grisi mpya kiasi cha nusu ya nafasi. Kuijaza pomoni si kuipenda mashine. Grisi iliyozidi hupata joto, hupenya na kufika kwenye kaboni.

Ya kijana wangu tuliifunga adhuhuri ile bila kuiwasha. Kaboni mpya zilipatikana siku ya tatu, mkono wa kuhimili alitengenezewa na fundi wa kuchomelea kwa kuiga wangu, na seti ya meno ya nyuzi 55 ameagiza ya robo tatu kwanza, kwa sababu ile nyumba aliyoiharibu anairudia Jumamosi kwa gharama yake. Ameniomba niende naye. Nimemwambia nitakuja, nitakaa karibu na plagi.